Neno Débora Alisema mu Matanga

Kuyeni karibu. Rebecca, vuta ile kigoda. Aaron, zima simu yako, haiko na njaa. Munyamaze kidogo, hata yule kuku mumutoe inje, juu hii habari iko na watu wa kusema mingi na miye niko na kinywa moja tu ya kuwabeba wote. Ilikuwa hapa hapa Bunia, mu kartie ya Saio, wakati wa vita, ule mwaka barabara zilikuwa zinafunguka na kufungwa sawa kinywa ya samaki. Pa kona nilikuwa na mbao moja ya mukaratusi juu ya matofali, mbabula yangu ya makala, birika, na vikombe ambavyo hata viwili havikufanana. Wanaume walikuwa wanakuja asubui kunywa kawa ya tangawizi. Mbele ya vita walikuwa wanakaa wakinyoosha miguu. Mu vita kila mutu alikaa nusu tu, muguu moja tayari mu njia. Kawa yenyewe nilichanganya na muhindi wa kukaanga, juu kawa ya kweli ilikuwa mu milima, na milima ilikuwa na wenyewe.

Muzee Ézéchiel tulimwita Komunike, juu hakuweza kuomba hata maji bila kuanza sawa redio. Camille alikuwa mwimbishaji wa kwaya, tulimwita Solfa. Michée alikuwa anauza petroli mu chupa kando ya njia. Yeye hakukaa hata siku moja juu ya mbao yangu: chupa zake ziliogopa moto wangu, basi alikunywa amesimama kule mbali na kusema kwa kupaza sauti, sawa mutu iko ngambo ya mutoni. Na Gérard, muuza-nyama. Tulimwita Filé, jina ya nyama laini. Toka vita kuanza, ng'ombe hakuingia tena mu muji, meza yake kule soko ya Nyakasanza ilikuwa tupu, lakini kila asubui alitembea na kisu yake imefungwa mu gazeti, sawa mutu anaenda kazi.

Asubui hiyo Gérard alikuja na kitambaa nyeusi mu mukono. Ndugu yake mudogo Adrien, fundi wa baiskeli, risasi ya kupotea ilimukuta mu njia ya maji. Walimuzika mu parsele yake mwenyewe, nyuma ya nyumba, juu hakuna aliyethubutu kufika makaburi. Sasa matanga ilikuwa inaisha.

— Komunike! muzee Ézéchiel alisema mbele hata ya kukaa. Inasemekana leo saa sita, kengele ya kanisa ikilia, jamaa ya marehemu Adrien itafanya kikao juu ya mujane wake Débora. Mwisho wa komunike. Mama Anastasie, tia sukari.

— Sukari gani, muzee? nikamujibu. Sukari ilibaki Mahagi pamoja na barabara.

— Basi nipe kijiko tupu nizungushe. Mukono usisahau kazi.

Gérard hakucheka.

— Wandugu, munisaidie. Miye sikulala. Jana mu matanga, mbele ya watu wote, walimupa Débora sahani ya maharagi. Aliweka ya kwanza mu kinywa. Akatafuna. Akameza. Halafu akasema: iko tamu.

— Alisema nini? Michée akalia toka kule kwa chupa zake.

— Tamu!

— Sisikii!

— TAMU!

Wamama wawili waliokuwa wanapita na bidon za maji wakasimama wakaangalia birika yangu.

— Mama, uko na sukari? moja akauliza.

— Hapana, mwanangu. Wanaume wanaitaja tu.

Wakaenda wakigeuka nyuma.

— Kwetu chakula ya matanga haisifiwake, Gérard akaendelea. Unakula, unainama, unasema asante kwa taabu. Njo vile. Na kitu inaniumiza zaidi, hakuangalia hata sahani. Aligeuza uso, akaangalia kaburi ya ndugu yangu, njo akasema iko tamu. Sawa mutu anamucheka! Shangazi zangu wote walisikia. Wanasema aende kwao, watoto wabaki kwangu.

— Kwao wapi? nikauliza.

Gérard alipuliza kawa ambayo ilipoa zamani.

— Kwao, akasema.

Kwao ilikuwa kule, barabara ya Djugu. Kila mutu pale alijua. Watu walikuwa wanatoka mu ile barabara na magodoro juu ya kichwa. Hakuna mutu alikuwa anaingia. Kumutuma mwanamuke kule, ile wiki, haikuwa kumufukuza. Ilikuwa kumuzika bila kuchimba.

Solfa akaweka kikombe chini, akapangusa midomo sawa mbele ya wimbo.

— Tuanze na neno yenyewe. Tamu ni nini? Tamu ni asali. Tamu ni muwa. Inchi ya ahadi inatiririka maziwa na asali, haitiririke maharagi. Donc maharagi haiwezi kuwa tamu. Donc Débora alisema uongo. Ahukumiwe kwa uongo, si kwa kumucheka marehemu.

— Na sombe, majani ya muhogo, yenye chumvi muzuri, nikamuuliza, ukikula unasemaka nini?

— Nasema iko na chumvi.

— Na mama-watoto anafurahi?

Solfa akawaza kidogo.

— Siku hizi haniulizake tena.

— Komunike! muzee akaingilia. Tamu haiko asali. Tamu ni kitu inaisha mbele tumbo haijajaa. Ikibaki mu sahani, haikuwa tamu. Njo maana wazee walisema, haraka haraka haina baraka.

— Hiyo inaingia wapi hapa? Solfa akauliza.

— Inaingia pa kuisha. Gérard, walimupa mingi ao kidogo?

— Kidogo. Watu walikuwa mingi.

— Umeona? Ilikuwa tamu. Kidole moja haivunjake chawa.

Hapo upande wa ronpwa, pale barabara zinakutana, tukasikia: pa! pa! Wote walisimama na vikombe mu mukono. Muzee, mwenye alisema magoti yake imekufa, alikuwa wa kwanza nyuma ya ukuta. Tukangoja. Ilikuwa pikipiki moja inakohoa, na kijana amefunga juu yake nguruwe moja anayelia kushinda moteri. Wakarudi kukaa, lakini hakuna aliyerudi pa nafasi yake. Solfa alikaa mwisho wa mbao, pa kukimbilia.

— Miye niko na ushahidi! Michée akalia. Tamu haiko mu chakula, iko mu masikio! Siku moja nilikula kiazi wakati risasi inalia. Ilikuwa sawa kutafuna sabuni. Kesho yake kukanyamaza. Kiazi ya shamba moja, sufuria moja, mama moja alipika: tamu mupaka nikalamba maganda! Basi muulize, ile saa Débora anakula, kulikuwa kimya?

— Kulikuwa kimya, Solfa akasema.

— Hapana, muzee akasema. Kulikuwa na bombe kule mulimani.

— Ile ilikuwa radi.

— Radi gani inapumuzika kwanza halafu inaendelea? Nilisikiliza vizuri, nilikuwa chini ya kitanda.

— Chini ya kitanda, wakati siye tulikuwa mu matanga?

— Kitanda ya mu matanga! Nilikuja kulia na wenzangu, nikalilia pale chini.

Hata Gérard alitaka kucheka, nikaona shavu yake inasogea. Lakini aliangalia kule kanisa, na shavu ikarudi.

Muzee alijua watu wamemucheka, basi akapanda juu zaidi.

— Komunike ya maana! Munajua asikari wanaingiaka mu nyumba gani? Mu nyumba walisikia mutu anasema tamu. Hawanusake, wanasikilizaka. Kwa jirani yangu mutoto alisema tu, mama, iko tamu. Saa hiyo hiyo mulango: ko, ko, ko! Walibeba sufuria na moto wake. Ile neno inapashwa kutembea na lesepase, karatasi ya ruhusa, sawa watu. Mutu akisema tamu bila ruhusa, anaita vita.

— Kumbe vita yote hii ni juu ya mutu moja alisema tamu? Solfa akauliza.

— Anza hapo, utafika.

— Na nani alisema wa kwanza?

— Mutu moja alikanyaga muchanga kule Mongbwalu, pa zahabu, akaona unangaa, akaweka kidole mu ulimi akasema: hii iko tamu.

 Kijiko ya muzee iliacha kuzunguka. Nikaongeza makala, juu nilitaka kitu fulani ifanye kelele.

Solfa njo aliharibu. Alipenda kila wimbo iishe juu kabisa.

— Munisikilize. Mufu haendake na njaa. Mbele udongo haijakauka juu yake, anakula kwa kinywa ya mujane wake. Mutaona mujane anaomba kitu ambayo hakuipendaka, pili-pili, tumbako. Ni yeye anaomba. Donc pale mu matanga si Débora alisema. Ni Adrien mwenyewe!

Gérard alisimama, kawa ikamwagika juu ya suruali yake.

— Ndugu yangu? Ndugu yangu asifu maharagi ya maji na chumvi? Mu matanga ambayo kaka yake ni muuza-nyama, na kaka huyo hakuleta hata mufupa wa kunusia?

 Hapo njo niliona mwiba uliingia wapi.

— Gérard, nikamuambia, ng'ombe hakuna mu Bunia yote. Nani alikuomba nyama?

— Hakuna, Mama Anastasie. Njo inauma. Watu walikula kimya, na miye nilikuwa nawashukuru kimya kimya, juu hakuna aliyeangalia mikono yangu. Halafu yeye akasema tamu. Nikasikia sawa anasema: muone Filé, tumekula muzuri bila yeye.

Alikaa tena. Nikamujazia kikombe, nusu, juu birika ilianza kuwa nyepesi. Michée, kule mbali, akashusha sauti kidogo.

— Gérard, ndugu yangu, kwa mama yenu mulikuwa munasemaka tamu lini?

— Mama? Mama alikuwa mukali. Hakupendaka mutoto wa kusifu-sifu sahani. Ni mu mavuno tu. Maharagi mupya, muhindi mupya: unaweka ya kwanza mu kinywa, unageukia mutu alipanda, unamuangalia, unasema iko tamu. Ukisahau, mwiko ya kichwa. Alisemaka mbegu inasikia, bila asante mwaka kesho inabaki chini. Miye nilipigwa, Adrien alipigwa, shangazi walipigwa na mama yao vilevile. Débora hakupigwa juu alifika mukubwa, lakini Mama alimufundisha ile mwaka alimuingiza mu jikoni.

— Heri ninyi, Solfa akasema. Kwetu mwiko ilipiga bila sababu.

— Ya kwetu ilipiga mbele, sababu ilikuja nyuma, muzee akasema.

Na wakaanza kubishana juu ya mwiko: ya muti ao ya chuma, mama gani mu Saio alikuwa na mukono muzito. Muzee akatuonyesha kovu mu kisogo. Solfa akasema ile si mwiko, ni upara unaanza. Wakati huo jua lilikuwa linapanda, na Gérard aliangalia njia, akaangalia kanisa, akaangalia njia.

— Bon, akasema. Mumekunywa, mumesema. Kengele italia sasa. Niseme nini kule? Aende ao abaki?

— Atubu kwanza, Solfa akasema, halafu tuone.

— Abaki, Michée akalia, mupaka tujue kama kulikuwa kimya!

— Komunike, muzee akasema, lakini pole pole. Samaki mukunje angali mubichi. Donc aende. Ao abaki. Ile methali inatosha pande zote mbili.

— Mumuulize yeye mwenyewe juu ya nini alisema, nikawaambia.

— Mujane hasemake mu kikao, Gérard akajibu. Shangazi njo wanasema.

Kando ya ukuta kulikuwa mama moja amesimama. Sijui alifika saa gani. Kitenge yake ilikosa rangi, na mu mukono alishika kichwa ya jembe, bila mupini. Alikuwa wa wale walitoka mu barabara ya Djugu na kulala mu kiwanja ya kanisa. Alikuwa anangoja wanaume wapumue, vile mutu alilelewa vizuri anangojaka. Wakapumua.

— Jambo wababa. Jambo mama. Munisamehe. Nasikia munasema maharagi. Ilikuwa mupya ao ya mu gunia?

— Mupya, Gérard akasema bila kumuangalia. Tuliingoa jana asubui nyuma ya nyumba ya ndugu yangu. Soko ilifungwa.

— Walinipa kipande ya udongo pale kanisa, natafuta mbegu. Nani alipanda hiyo maharagi, baba?

Muzee alifungua kinywa kwa komunike. Komunike haikutoka. Solfa aliangalia viatu vyake.

— Ameuliza nini? Michée akalia.

Siku hiyo hakuna aliyemurudilia.

Gérard aliangalia mu kikombe sawa mutu kitu yake imeanguka mule. Halafu akainua kichwa kwa yule mama, na ilikuwa mara ya kwanza asubui yote aliangalia mutu usoni.

— Mama, jina yako?

— Alphonsine.

— Kuya, Mama Alphonsine. Utaomba mbegu kwa mwenyewe.

Kengele ikalia. Wakaondoka, Gérard mbele, yule mama na kichwa ya jembe yake, Solfa, muzee na magoti yake ya kufa, hata Michée aliacha chupa zake pekee mu njia. Na wote walienda na vikombe vyangu! Nikamwaga masimbi ya kawa juu ya makala, nikawafuata. Watu wanasema nilifuata juu ya huruma. Nilifuata vikombe.

Shangazi walikuwa wamekaa juu ya mikeka. Débora alikaa pa mulango na furushi imefungwa tayari, watoto wanashika kitenge yake mbili mbili sawa nguo mu kamba. Hakulia. Alikuwa anaangalia njia gani atapita. Kule nyuma tuliona udongo ya Adrien, na juu yake rimu ya baiskeli.

Gérard hakusalimia mutu. Aliomba sufuria. Maharagi ilibaki mule kidogo, ya jana, baridi. Alichota na vidole.

— Gérard, shangazi mukubwa akasema, kikao haijafunguliwa.

Alijigeuza kwa kaburi. Akaweka mu kinywa. Alitafuna mingi kuliko maharagi ilihitaji.

— Iko tamu, mudogo, akasema. Sauti ilitoka sawa mulango wa zamani.

Shangazi mukubwa akaweka mukono juu ya kichwa, pale pale mwiko ilipigaka. Akasimama, mwili muzito vile, akatembea mupaka kwa sufuria. Akachota, akageuka, akasema yake. Mwingine akamufuata. Muzee, mwenye haiko hata wa jamaa, akachota pia, akaanza: «Komunike...» na hakumaliza.

Débora aliwaangalia wote. Halafu akafungua furushi yake. Nilifikiri nitaona nguo. Kitu ya kwanza kabisa, juu ya nguo za watoto, ilikuwa kitambaa ya maharagi kavu aliyochagua kwa mbegu. Akaangalia pa kuiweka, akaona kikombe yangu ya bluu mu mukono ya Gérard. Akaichukua, akamwaga kawa yangu chini bila haya, akaijaza mbegu, akamupa Mama Alphonsine na mikono mbili.

Hapo njo risasi zililia, za kweli siku hiyo, upande wa ronpwa. Tukakimbia kila mutu njia yake. Ile kikao haikufungwa mupaka leo.

Sasa niwaambie nani alirithi nini. Débora alirithi parsele, kaburi, watoto wake na ulimi wake. Kisu ya Gérard iko kwa Michée, anakatia mipira ya petroli. Muzee alimuachia Solfa redio yake isiyo na mawe, zile betri. Solfa anaiweka karibu na vitabu vya kwaya, anasema iko inapumuzika tu. Mbao yangu ilirithiwa na moto: asikari waliipikia. Miye nilirithi matofali, na muko munakalia juu yake.

Mama Alphonsine alirithi ile mbegu. Mavuno ikafika, akarudi na kikombe yangu ya bluu, sikio yake imevunjika mu njia, maharagi mupya ya kupikwa mupaka juu. Akaiweka mbele yangu. Nikasema asante. Hakuenda. Alisimama tu pale ananiangalia, mupaka niliweka ya kwanza mu kinywa na kumuangalia miye pia.

Njo ile kikombe unashika, Rebecca. Na maharagi yenye iko mule haikutoka soko. Aaron njo alipanda, na simu yake mu mukono moja. Haya, kula. Siye tunangoja.